Kabla Hujavaa Hedifoni: Maswali Kuhusu Usalama na Ithibati ya Kliniki za Usikivu, Kigoma

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kliniki za masikio mkoani Kigoma upande wa anayehudumia, na kabla ya hapo nilikaa upande wa anayesubiri, nikiwa nimemsindikiza bibi yangu. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa na watu wa Ujiji, Mwanga na Gungu, na wale wanaoshuka kwenye boti Kibirizi na barua ya rufaa mfukoni. Mengine huulizwa kwa sauti, mengine kwa kunong'ona baada ya mgonjwa kutoka chumbani.

Nitajuaje kama kliniki ya usikivu ni halali?

Kuna vitu vitatu vya kuangalia, na kila kimoja kina msimamizi wake. Kituo chenyewe husajiliwa chini ya Wizara ya Afya; kama ni cha binafsi, kinaguswa na Sheria ya Hospitali Binafsi ya 1977. Mtu anayekupima yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya 2017 iliyowaweka pamoja madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Vifaa, shime sikio (vifaa vinavyovaliwa sikioni kusaidia kusikia) zikiwemo, viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliyoitwa TFDA hadi 2019.

Wengi husoma cheti cha kituo wakaridhika. Lakini duka linaweza kuwa na leseni ya biashara safi kabisa, na anayekushika sikio akawa kijana aliyeelekezwa siku mbili namna ya kuuza. Leseni ya biashara inamruhusu mtu kuuza. Haimruhusu kuchunguza sikio la mtu.

Usajili, nyota, ithibati: si ni kitu kilekile?

Sivyo, na hapa ndipo watu wanapochanganywa sana, wakati mwingine kwa makusudi.

Usajili ni ruhusa ya kufungua mlango. Nyota ni tathmini ya serikali: mwaka 2015 wizara ilianza kupita kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya na kuvipa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Sifuri haikuwa ya kutishia tu, vipo vilivyoipata. Ithibati ni habari nyingine. Kituo chenyewe ndicho kinachoiomba. Wakaguzi wa nje wanakuja na viwango vilivyoandikwa, wanapekua mafaili, wanawahoji wahudumu na wagonjwa, wanafunua mpaka ndoo ya taka, kisha wanatoa cheti chenye mwisho wake au wananyima.

Nchini kwetu vituo kadhaa vya binafsi na vya mashirika ya dini hutumia viwango vya SafeCare, ambavyo humpandisha mhusika ngazi kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tano. Hospitali ya Aga Khan ya Dar es Salaam ilikwenda mbali zaidi ikapata ithibati ya Joint Commission International, shirika la Marekani linalokagua hospitali duniani. Ithibati hizi hutazama kituo kizima: maji, umeme, dawa, kuzuia maambukizi, uongozi. Chumba cha usikivu ni kona moja tu humo ndani. Uingereza wanao mpango uitwao IQIPS, unaosimamiwa na chombo chao cha ithibati, UKAS, na huo huingia moja kwa moja kwenye vyumba vya kupima usikivu: nani anapima, mashine ilihakikiwa lini, nani anayakagua majibu.

Kwa hiyo ukiambiwa "sisi tuna ithibati", uliza maswali mawili tu: imetolewa na nani, na inahusu huduma gani? Anayeijua yake atakujibu papo hapo.

Basi kliniki isiyo na ithibati niikimbie?

Ukifanya hivyo, utabaki unakimbia mpaka Dar es Salaam. Kigoma ni mwisho wa reli. Watu wetu huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, na kesi ngumu hupelekwa Bugando kule Mwanza au Muhimbili. Kipime kituo kwa kazi unayoiona kwa macho yako. Mambo mengi ambayo mkaguzi wa ithibati huyatafuta, mgonjwa mwenyewe anaweza kuyaona akiwa ameketi kwenye kiti.

Chumba cha kupimia kinatakiwa kiweje?

Kimya. Kabla ya uzuri wa rangi na kabla ya kiyoyozi, kiwe kimya.

Kipimo cha kawaida hutafuta sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia. Chumba kikiwa na kelele, kelele hiyo huifunika sauti ya mashine, nawe hubonyezi kitufe. Karatasi itaandika kwamba husikii. Zinazoumia kwanza ni sauti nzito, za hezi 250 na 500 (hezi hupima uzito au wembamba wa sauti), kwa sababu ngurumo za jenereta, pikipiki na mashine za kusaga zinaishi hukohuko. Kwa uchunguzi wa awali, kama ule wa shuleni, Shirika la Afya Duniani linashauri kelele za chumba zisizidi desibeli 40 (desibeli hupima ukubwa wa sauti). Kipimo kamili kinadai ukimya zaidi ya huo, ndiyo maana hospitali kubwa zina vile vibanda vyenye mlango mnene kama wa friji.

Sisi tulio chini ya bati tuna adui mwingine. Mvua ya Novemba ikishuka, naweka hedifoni mezani. Siongezi sauti ya mashine ili "tumalize foleni". Nimewahi kuona mtu akifanya hivyo, na wagonjwa wake wote wa asubuhi ile walitoka na tatizo la kusikia la namna moja, kama wameambukizana.

Ukikaa kwenye kiti, nyamaza nusu dakika usikilize. Ukiweza kufuata mazungumzo ya watu walio nje, mwambie mpimaji. Si ukorofi, unamsaidia kazi.

Kuna kibandiko chenye tarehe kwenye mashine. Ni cha nini?

Ni cha ugezi, yaani siku mashine ilipolinganishwa na kipimo sanifu ikaonekana inasema kweli. Kama vile mizani ya sokoni inavyohakikiwa, audiometa, yaani mashine ya kupimia usikivu, nayo huhakikiwa, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, kwa kufuata viwango vya kimataifa kama ISO 389 na IEC 60645. Mashine ikipotoka kwa desibeli 10 tu, inaweza kukuhamisha daraja. Kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani, aliye kwenye desibeli 28 ana upungufu mdogo, aliye kwenye 38 ana upungufu wa kati, na huyo wa pili ndiye anayeanza kuzungumziwa habari za vifaa.

Jambo ambalo hata baadhi ya wapimaji hulisahau: hedifoni huhakikiwa pamoja na mashine yake. Ukichomoa ya mashine hii ukachomeka kwenye ile kwa sababu plagi inaingia, kile kibandiko hakina maana tena. Ikianguka sakafuni hali kadhalika, hata kama bado inatoa sauti.

Na kuna ukaguzi usio na kibandiko. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mpimaji huvaa hedifoni akajipima mwenyewe. Anayajua masikio yake. Siku mashine ikimpa majibu tofauti na ya jana, ama yeye ana mafua ama waya umekatika. Mara nyingi ni waya, pale unapoingilia kwenye hedifoni.

Hedifoni nimevishwa nyekundu kushoto. Kuna shida?

Ipo. Nyekundu ni kulia, bluu ni kushoto, popote duniani. Mwambie abadilishe kabla hajaanza. Nimeona faili la mzee ambaye sikio lake zima ndilo lililoandikwa bovu.

Ile ncha ya plastiki wanayoingiza sikioni si imetoka kwa mwenzangu?

Swali zuri, na usione haya kuliuliza. Tochi ya kuchungulia sikio ina ncha yenye umbo la koni, na hiyo ama ni ya kutumia mara moja na kutupa, ama ni ya kusafishwa. Kusafisha maana yake ioshwe kwa sabuni na maji mpaka nta yote itoke, ilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ndipo ikaushwe. Kupitisha pamba yenye spiriti juu ya nta ni kuipaka nta spiriti tu.

Kigoma kuna watoto wengi wenye masikio yanayotoa usaha, baadhi kwa miaka. Kwa mtoto wa namna hiyo, mpimaji makini huanza na sikio zima, kisha bovu, na hubadilisha ncha katikati ingawa mtoto ni yuleyule. Ukimwona amechungulia linalovuja usaha na ncha ileile ikaenda sikio la pili, mzuie mkono. Angalia pia kama alinawa kabla ya kukugusa, na kama mito ya hedifoni ilifutwa baada ya aliyekutangulia. Kwa kawaida utaziona ncha zikiwa kwenye vikombe viwili, kimoja safi, kimoja chafu. Kikiwepo kimoja tu, uliza.

Wanataka kuniosha sikio kwa bomba la maji. Ni salama?

Ni salama kwa sikio linalofaa kuoshwa. Kabla ya maji, lazima uulizwe: umewahi kutokwa usaha? Umewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio? Una tundu kwenye ngoma ya sikio? Je, hilo ndilo sikio pekee unalosikilizia? Jibu likiwa ndiyo kwenye mojawapo, bomba liwekwe chini, utafutwe utaratibu mwingine kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Maji yawe na joto la mwili, yaani nyuzi 37 hivi. Maji ya baridi yakigonga ndani, kizunguzungu chake kinaweza kukuangusha kitini; ndivyo sikio lilivyoumbwa, kwani kiungo cha kuweka mwili sawa usiyumbe kimepakana na pale. Mhudumu mzuri huyajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wake, kama mama anayejaribu uji wa mtoto.

Kwa nini unasisitiza sana sikio lichunguliwe kwanza?

Kwa sababu ya bibi yangu.

Alikuwa anaongeza redio mpaka majirani wa Ujiji wakawa wanasikiliza taarifa ya habari bure. Tukaambiwa kuna watu wanapima masikio kwenye chumba cha kupanga karibu na stendi. Sitawataja. Chumba kilikuwa na maboksi, meza na kijana mpole sana. Alimvisha bibi hedifoni, akambonyezea vitu kwa dakika tano huku jenereta ya fundi wa jirani ikinguruma, akatuonyesha mstari umeshuka kwenye karatasi. Tulilipia shime sikio siku ileile. Risiti ilikuwa nzuri, yenye muhuri.

Nyumbani ikawa inapiga mluzi. "Inalia kama birika," bibi akasema, akaivua akaifunga kwenye upindo wa kanga. Miezi ikapita. Siku tulipompeleka hospitali kwa shauri jingine kabisa, muuguzi alichukua tochi akachungulia, akaguna. Wiki iliyofuata, baada ya matone ya kulainisha, kilitoka kipande cha nta rangi ya sukari guru, kigumu, chenye umbo la tundu la sikio. Bibi akageuka kuitazama feni ya ukutani, kisha akauliza ile imewashwa saa ngapi.

Nta ndiyo iliyokuwa inapiga mluzi: sauti ya kifaa hugonga ukuta ikarudi kwenye maikrofoni. Kile kijana alichokiruka ni hatua ya kwanza kabisa ya kazi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 21388, kilichotolewa 2020, kinaichukulia huduma ya shime sikio kama safari nzima: kuhojiwa, kuchunguliwa, kupimwa, kuchaguliwa kifaa, kukiweka sawa, kuhakiki, na kurudi kuonana tena. Kuuziwa siku ya kwanza bila tarehe ya kurudi ni dalili mbaya kuliko bei.

Na kifaa chenye nguvu kupita kiasi kinaweza kuliharibu sikio lililobaki. Siyo suala la kupoteza pesa peke yake.

Walipochukua umbo la sikio waliingiza kwanza pamba yenye uzi. Ya nini?

Ni kizuizi. Ile dawa laini inayomiminwa sikioni kuchukua umbo lake huganda, na bila pamba inaweza kwenda mpaka kwenye ngoma, au kupita tundu la ngoma na kugandia ndani, ambako hutolewa kwa upasuaji. Uzi ni wa kuivutia nje. Ukiona bomba la dawa limeshikwa na pamba haijawekwa, inuka kitini.

Mtoto anatakiwa kulazwa usingizi ili apimwe. Nikubali?

Kuna kipimo cha mishipa ya usikivu kinachohitaji mtoto atulie kabisa. Mchanga mara nyingi hulala mwenyewe akinyonyeshwa, ndiyo maana huambiwa uje naye akiwa na njaa na usingizi. Ikibidi dawa ya usingizi, ifanyike hospitali, penye oksijeni, kipimo cha mapigo, na mtu ambaye kazi yake pekee ni kumwangalia mtoto anavyopumua. Dukani au kwenye kambi ya siku moja, kataa.

Mtoto apimwe akiwa na umri gani? Naambiwa "atasikia tu akikua".

Lengo linalofuatwa na nchi nyingi ni kuchunguzwa kabla ya mwezi mmoja, kujulikana tatizo kabla ya miezi mitatu, kuanza kusaidiwa kabla ya miezi sita. Huku kwetu tunawapata wengi wakiwa wamefikia umri wa shule. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na mambo yanayozuilika.

Msidhani ni shida ya nchi maskini tu. Kule Edinburgh, Uskoti, ripoti ya Desemba 2021 ilikuta kwamba katika mafaili 1,113 ya watoto yaliyokaguliwa, 155 yalikuwa na kasoro kubwa. Kulikuwa na watoto viziwi walioambiwa wanasikia vizuri. Mashine zilikuwepo na vyumba vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kuyatazama majibu ya wa kwanza. Tangu niisome habari ile, majibu ya mtoto yakinitia shaka hayaondoki mezani kwangu kabla mwenzangu hajayapitia, hata kama mama analalamika boti itamwacha.

Kwa watoto wanaofaa kupandikizwa kifaa ndani ya sikio, Muhimbili ilianza huduma hiyo 2017. Kadiri mtoto anavyofika mapema, ndivyo anavyofaidika zaidi.

Ninachomwa sindano za muda mrefu. Zinahusiana vipi na masikio?

Baadhi, ndiyo, hasa hizi za kuua bakteria: amikasini, kanamisini, streptomaisini, jentamaisini. Huanza kula sauti nyembamba za juu, za hezi 8000 na kuendelea, ambazo kwenye maongezi huzigundui mapema. Matibabu ya kifua kikuu sugu sasa yamehamia zaidi kwenye vidonge, lakini ukipangiwa sindano hizi kwa wiki nyingi, omba kupimwa usikivu kabla ya kuanza, na tena katikati. Kwinini nayo huleta mlio masikioni. Huo kwa kawaida huondoka dawa ikiisha.

Niliachwa kwenye foleni kwa sababu sikusikia jina langu likiitwa.

Ni aibu yetu, na hutokea. Kliniki ya watu wasiosikia inaita majina kwa sauti! Kituo kinachojali hutoa kadi za namba zinazoonyeshwa kwa mkono, au mhudumu humfuata mtu alipoketi. Na usishangae ukiulizwa jina pamoja na tarehe ya kuzaliwa kila hatua. Ujiji kwenye benchi moja unaweza kupata akina Hamisi Juma watatu, na shime sikio ya mmoja ikiwekwa kwa majibu ya mwingine ni ajali. Ukija na bibi anayezungumza Kiha tu, au ndugu anayetumia lugha ya alama, sema mapema atafutwe mkalimani. Mtoto mdogo asigeuzwe mkalimani wa mambo mazito.

Wanaruhusiwa kupiga picha sikio la mwanangu na kuirusha mtandaoni?

Bila ridhaa yako, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni nyeti.

Nimeumizwa. Nilalamike wapi?

Anza kwa mganga mfawidhi wa kituo, kwa maandishi, ukibaki na nakala. Asipokujibu, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Mwenendo wa mtaalamu hupelekwa Baraza la Madaktari. Kifaa kibovu au cha kutilia shaka hupelekwa TMDA. Tunza risiti, boksi la kifaa na ile karatasi ya mistari. Usirudishe karatasi ukaondoka mikono mitupu, ni haki yako kuwa na nakala.

Kituo kizuri pia kina daftari la matukio, hata yale yaliyokaribia tu kutokea. Daftari tupu kwa mwaka mzima hunitia wasiwasi kuliko lililojaa.

Ni hali gani nisisubiri siku ya kliniki?

Usikivu uliokatika ghafla ndani ya siku moja hadi tatu. Uvimbe na maumivu nyuma ya sikio pamoja na homa. Uso kupinda upande mmoja. Betri iliyoingia sikioni au puani mwa mtoto, au aliyoimeza. Kwa hayo, hospitali sasa hivi, hata usiku. Betri ndogo za vifaa huunguza nyama kwa saa chache tu; usidondoshee maji wala mafuta ukidhani itateleza nje.

Nimetoka Kalya kwa boti, nimefika, na mvua inapiga bati. Nitarudishwa?

Hapana. Kuhojiwa, kuchunguliwa kwa tochi, kutolewa nta na kusafishiwa kifaa havizuiwi na mvua. Kinachosubiri ni hedifoni peke yake. Njoo na chakula chako, keti karibu na dirisha, na ikikatika nitakufuata hapo ulipo, sitaita kwa sauti.